Mbwa Aliyerudishwa kwa Sababu ya Upole

Pampu yetu ya maji iliibwa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Septemba, na mwizi hakuharibu kitu kingine chochote isipokuwa bomba moja la plastiki alilolikata kwa msumeno, kwa uangalifu ambao mafundi ninaowalipa hawajawahi kunionyesha. Nyumba yetu iko Goba, na maisha yake yote yanategemea kisima kilichopo uani na tangi la lita 5,000 lililo juu ya mnara wa matofali. Mimi ni mhasibu. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jua likiwa limeshazama, nikimwacha mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, pamoja na dada anayetusaidia kazi, hadi watoto wangu wawili watakaporudi kutoka shuleni. Majirani waliokuja kutupa pole walikunywa chai, wakalitazama bomba lililokatwa, kisha wote wakatoa ushauri mmoja: tafuteni mbwa.

Mama hakuupenda ushauri huo. Sisi ni Waislamu na, kama ilivyo kwa wengi wa Pwani, tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo huyahesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa ni najisi nzito, kiasi kwamba kilichoguswa huoshwa mara saba, na mojawapo ya hizo saba huwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hata hivyo, kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kunaruhusiwa, na hoja hiyo ndiyo iliyomlegeza mama baada ya siku nne za kutosema nami isipokuwa kwa lazima. "Kama ni wa kulinda, haya," alisema akiwa anachambua mchele, bila kuniinulia macho. "Lakini awe analinda kweli." Nilikubali haraka mno, kama mtu anayetia saini mkataba bila kusoma ukurasa wa pili.

Mfanyakazi mwenzangu alinieleza kuhusu kituo kimoja cha kutunza wanyama waliotelekezwa, upande wa Kigamboni. Jumamosi iliyofuata nikapanda kivuko pale Magogoni, nikiwa na picha kamili kichwani ya mnyama ninayemtaka: mweusi, masikio yaliyosimama, meno nje. Nilichokikuta ni mabanda ya wavu yaliyopangwa chini ya minazi, makelele yasiyopimika, na sufuria kubwa la shughuli likichemka uji wa dona na dagaa. Kijana aliyenipokea, aliyevaa mabuti ya mvua siku ya jua kali, aliniuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa nilipoomba mkopo wa nyumba. Ukuta una urefu gani? Mchana anabaki nani? Mkisafiri sikukuu, mbwa atalishwa na nani? Mtamfunga mnyororo? Swali la mwisho lilinichoma: "Na huyo mama yako, amekubali kwa moyo au amechoka kubishana?"

Nilimwambia nataka mbwa mkali. Alinipitisha kwenye mabanda mawili matatu, akinieleza kwa nini huyu hafai kwa nyumba yenye watoto na yule hafai kwa nyumba yenye kuku, hadi tukafika banda la mwisho, ambamo jitu la rangi ya asali lilikuwa limelala, kidevu kikiwa ndani ya bakuli tupu. Sikio moja lilikuwa limesimama na jingine limekunjika kama bahasha. Alikuwa na kilo 41. Walikuwa wamempima wiki hiyo. Kichwa kilikuwa kipana kama cha Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, miguu mirefu myembamba kama ya mbwa wa kienyeji, na mkia haukufanana na kimojawapo kati ya hivyo. Kijana alisema kuwa ni chotara na kwamba kukisia asili ya chotara kwa macho ni kubahatisha tu, kwa sababu ndugu wa tumbo moja wanaweza kutoka na sura ambazo ungeapa hazijawahi kukutana. Pale kituoni walimwita Babu, kwa ajili ya mwendo wake.

Mlango ulipofunguliwa hakuruka wala hakubweka. Alisimama kwa awamu mbili, nyuma kwanza kisha mbele, akaja taratibu, akageuka ubavu, akauegemeza mwili wake wote kwenye mguu wangu. Nililazimika kushika nguzo ya banda nisianguke. Alibaki hivyo, akihema, macho yakitazama mbali, kama mzee anayesubiri daladala aliyepata ukuta wa kuegemea.

"Huyu alishachukuliwa mara moja," kijana akaniambia, "akarudishwa baada ya wiki tatu. Mwenyewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alisema hawezi kulisha mlinzi anayempokea mteja na mwizi kwa mkia uleule." Akaongeza, bila kuzungusha maneno, kwamba kama ninataka ulinzi nisimchukue.

Nilimchukua. Ningependa kusema kuwa niliongozwa na huruma, na huruma ilikuwapo, lakini iliyoamua ni hesabu. Nilijiambia kwamba mwizi anayechungulia juu ya ukuta usiku wa manane hawezi kusoma tabia, atasoma ukubwa. Kilo 41 ni kilo 41. Kwa mama ningesema ni mlinzi, kwa mwizi angeonekana mlinzi, na siri ya upole wake ingebaki kati yangu na mbwa mwenyewe. Nikatia saini karatasi iliyotaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na kuniwajibisha kutomfunga mnyororo, kutimiza chanjo kila mwaka, na kumrejesha kituoni hapo hapo iwapo tungeshindwana naye, badala ya kumgawa au kumtupa. Alikuwa ameshahasiwa na alikuwa na kadi ya chanjo, ambayo niliiweka kwenye pochi bila kuifikiria mara mbili. Kijana alinipa na maneno matatu ya kukumbuka: siku tatu za woga, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ndipo utamjua ni nani.

Wenye bajaji wawili walikataa kumpakia. Wa tatu alikuwa na kirikuu, akakubali kwa sharti kwamba nami nikae nyuma pamoja naye. Kwa hiyo nilivuka Daraja la Nyerere, nikapita Barabara ya Mandela yote hadi Ubungo, kisha Makongo, nikiwa nimekaa juu ya gunia pamoja na mbwa aliyeniegemea kila kona, watu waliokwama kwenye foleni wakitutazama kwa masikitiko.

Siku tatu za mwanzo alikaa nyuma ya mnara wa tangi na hakula hadi usiku wa pili. Siku ya nne alianza kuzunguka uani, na hapo ndipo tatizo la kwanza, tena dogo kuliko yote, lilipojitokeza: jina. Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mzee mmoja mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Babu. Mwanangu wa kiume, ambaye sauti yake haijui faragha, alikuwa akipiga kelele uani, "Babu, toa kichwa kwenye ndoo! Babu, mchafu wewe!" Jioni mzee alibisha hodi. Nilimwamkia, akaitika, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole mkubwa, "Binti yangu, nimewakosea nini?" Sijawahi kuona aibu kama ile. Usiku huohuo dada wa kazi akampa mbwa jina la Boga, kwa rangi yake na kwa namna anavyotulia juu ya udongo kama kitu kilichoota hapo.

Mama alimvumilia kwa kutomtazama. Siku ya tano alikuwa amemaliza kutia udhu kwenye bomba la uani, Boga akaja, akafanya jambo alilolijua kuliko yote: akageuka ubavu na kumwegemea, udenda ukachirizika juu ya kanga iliyolowa. Mama hakupiga kelele. Alivua ile kanga kwa ncha za vidole, akachota udongo chini ya mwarobaini, akaiosha akihesabu kwa sauti, moja hadi saba, huku mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alipofika saba alisema, "Huyo mlinzi wako. Hebu niambie, analinda nini?"

Kesho yake nilimleta seremala akaugawa uwanja kwa uzio wa mabanzi unaofika kiunoni: bomba la udhu, baraza na kamba ya nguo upande mmoja, mwembe, mnara wa tangi na Boga upande wa pili. Nilidhani ningeona kinyongo kwa mama au huzuni kwa mbwa, na sikuona kimojawapo. Mama alipata mahali pake pa ibada pasipo na wasiwasi, na Boga akapata mahali pake ambapo hakuna mtu anayemfukuza. Nashangaa kwamba niliwahi kuliona jambo hilo kuwa la imani wakati lilikuwa la mbao na misumari.

Tatizo la kweli lilikuwa nje ya geti. Wiki ya tatu, kijana aliyeleta mtungi wa gesi aliliacha geti bila komeo. Boga akatoka. Shahidi wa tukio zima ni mwenye duka la pembeni, naye anasema mbwa hakukimbia, alitembea tu, akifuata harufu. Mbele yake alikuwa mama mmoja anayeuza vitumbua, beseni kichwani. Aligeuka, akaona lile jitu hatua tano nyuma yake, akapiga yowe na kukimbia; na mbwa, hata aliye mvivu namna gani, kinachokimbia hukifuata. Yule mama akajikwaa. Goti likachunika, beseni likaruka, na Boga akavila vitumbua vilivyomwagika kimoja baada ya kingine kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Alipomaliza, kwa kuwa aliyemkaribisha alikuwa bado amekaa chini akilia, akamsogelea na kumlamba.

Nilipigiwa simu kazini. Nilichokisema kwenye simu, na ninakiandika kwa sababu bado kinaniuma, ni kwamba mbwa wangu hajamuuma mtu, kwa hiyo watu wasikuze mambo. Mwenye duka, mtu mwenye akili nyingi kuliko mimi siku hiyo, alikuwa ameshamkalisha yule mama kwenye bomba lake na kumwosha goti kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano bila kukatisha, kisha akampakia bodaboda hadi kituo cha afya. Nilipofika huko nikiwa na ile kadi ya chanjo, daktari alinielewesha kitu ambacho mimi, msomi wa mahesabu, sikukijua: mate ya mbwa juu ya ngozi iliyochunika huhesabiwa kuwa hatari kama jino lililozama, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa huingilia kwenye jeraha, wala havijali kama limetokana na meno au na kokoto za barabarani. Aliikagua kadi, akaona chanjo ilikuwa ya mwaka huohuo, lakini akamwanzishia mgonjwa chanjo vilevile na kuniagiza nimchunguze mbwa kwa siku kumi. Mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku alipomgusa mtu huwa ameshaonyesha dalili au kufa kabla ya siku hizo kwisha. Akibaki mzima, dozi zilizosalia zinaweza kusitishwa.

Wakati tukisubiri, yule mama alinieleza kwamba kijijini kwao, alipokuwa msichana, mtoto wa mjomba wake alilambwa na kuumwa na mbwa mgeni, wakapaka majani, na wiki kadhaa baadaye mtoto alianza kukataa maji. Hakuyaogopa kwa ukaidi, alisema. Koo lilikuwa likikaza kila alipoona kikombe. Dalili zikishaanza hakuna hospitali inayoweza kukupa matumaini ya maana. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba watu wa mtaani kwetu wanaogopa mbwa kwa kutowajua, nikijiona mimi ndiye niliyestaarabika kwa kuwa nimemlea mmoja kwa wiki tatu. Yule mama alikuwa anawajua mbwa kuliko mimi. Katika dunia nzima, karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu hutokana na mbwa, na wengi wanaokufa ni watu wa maeneo yetu haya ya Afrika na Asia, wakiwamo watoto wengi, ambako chanjo ya mnyama mmoja ingegharimu kidogo kuliko matibabu ya mtu mmoja. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ndiyo iliyotengwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na hapa nchini pia huadhimishwa. Nilikuwa naisikia redioni kila mwaka na kubadilisha stesheni.

Shauri lilifika ofisi ya serikali ya mtaa. Nililipa vitumbua, beseni, usafiri na matibabu, jambo ambalo halikuhitaji mjadala. Nikaagizwa kuweka springi kwenye geti ili lijifunge lenyewe, na kumtoa mbwa kwa kamba pekee. Mwenyekiti akanishauri nipite nyumba kwa nyumba kujieleza, kabla uvumi haujapita kwa niaba yangu.

Nilipita nyumba kumi na nne, kwa jioni tatu, bila mbwa, nikiwa na kadi mkononi. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, tena bila kufundishwa kwa utaratibu wowote. Katika nyumba moja sikufunguliwa. Katika nyingine mama mwenye mtoto mchanga alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekuelewa dada, lakini nitaendelea kuogopa," na nikaona kwamba hilo ni jibu kamili na kwamba sina haki ya kudai zaidi ya hapo. Yule mzee tuliyemkosea jina ndiye aliyelimaliza neno. Alipomaliza kucheka kuhusu vitumbua, alisema, "Wanasema ukipenda boga, upende na ua lake. Sawa. Lakini boga umelipenda wewe, binti yangu. Sisi umetuletea ua tu."

Tangu siku hiyo niliacha kuwaeleza watu kwamba Boga ni mpole. Upole wake ni kitu anachokijua yeye, nami nakiona nikiwa upande wake wa uzio. Mtu anayekutana naye kichochoroni hukutana na kilo 41 na kichwa kinachofika kwenye kitovu. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuupunguza ule ukubwa, na ukubwa hupunguzwa kwa kutabirika. Mwanzoni nilikuwa nikimtembeza saa kumi na moja alfajiri, nikidhani njia ni tupu, kumbe huo ndio wakati watu wanaokwenda msikitini wanapita na udhu wao, miguu ikiwa na maji, nami ninawabana ukutani na mbwa mwenye udenda. Nikasogeza mbele kidogo, nikakutana na wanafunzi. Hatimaye nikatulia saa tatu usiku, baada ya Isha, njia ileile, upande uleule wa barabara, tochi mkononi, kamba fupi. Ndani ya mwezi mmoja watu walijua Boga anapita lini na wapi, na anayeogopa alijua ni dakika ngapi azisubiri ndani.

Watoto walikuja wenyewe getini. Niliwafundisha mambo ambayo nilifundishwa kwa simu na yule kijana wa Kigamboni, aliyekuwa akipokea hata nikipiga usiku: usikimbie, simama kama mti, mikono kifuani, usimkodolee macho, usimguse akila au akilala, mwache anuse kwanza. Niliwaonyesha pia kwamba mkia unaotikisika si lazima uwe wa furaha, kwani mkia uliosimama wima na kutikisika kwa ukakamavu ni onyo, na kwamba mbwa anayepiga miayo na kulamba pua ovyo, huku weupe wa macho ukionekana, anaomba aachwe. Boga ana upole mwingi, lakini siku moja mwanangu alimshika sikio lililokuwa na kidonda, akanguruma. Nilimkaripia mtoto, si mbwa. Ngurumo ni neno la heri. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma ndiye anayekwenda moja kwa moja kwenye meno.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, kwa kuwa wengi tunakosea palepale. Nilidhani makombo yangetosha. Lakini makombo ya nyumba ya Kiswahili, iwe pilau, mchuzi au maharage, yana vitunguu maji na vitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Boga anakula dona, dagaa waliooshwa chumvi, utumbo wa ng'ombe na mabaki ya mboga zisizo na viungo, mara mbili kwa siku, kwa sababu mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wakishindiliwa mlo mmoja mkubwa na kurukaruka, tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hilo huua kwa saa chache.

Masika ilileta kupe. Nilikuwa nikiwatoa kwa vidole, kumi kwa siku, nikajiona hodari. Mwishoni mwa Aprili Boga alisusa chakula, akalala chini ya mwembe mvua ikimnyeshea, na nilipoinua mdomo wake nikakuta fizi nyeupe kama chaki. Kulikuwa na tone la damu puani. Daktari wa mifugo alichukua damu, akasema ni ugonjwa unaoenezwa na kupe, akaandika doksisaiklini ya siku 28. Hapo nikafahamu ukurasa wa pili wa ule mkataba: kila kitu cha mbwa hupimwa kwa kilo. Dawa ya minyoo ni kwa kilo, dawa ya kupe ni kwa kilo, hata sindano ya usingizi ni kwa kilo. Walionishauri nitafute mbwa hawakuniambia kwamba nikichukua mkubwa nitamnunulia dawa za mbwa wanne.

Usiku wa tatu wa ugonjwa niliamka mnamo saa nane kumpa maji. Nilipofungua mlango wa nyuma nilimkuta mama ng'ambo ya uzio wa mabanzi, khanga ya pili mabegani, ameshika ule ufagio wa njiti kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamimina maji kutoka kwenye kopo refu la bati kwenda kwenye bakuli, akiwa amejiinamisha kutoka mbali ili asiguswe. Boga hakuinua kichwa. Alitoa ulimi tu, akanywa akiwa amelala. Mama aliponiona hakushtuka. Alinikumbusha hadithi tuliyosomeshwa chuoni tukiwa wadogo, ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno ili apande, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. "Sikumgusa," akasema. "Nimeweka maji." Kisha akaenda kulala, nami sikuthubutu kumuuliza ufagio ulikuwa wa nini.

Alipona. Kilo saba zilipotea na zikarudi kufikia Juni. Muda wote huo pampu mpya, niliyoinunua Oktoba, ilikuwa ikifunguliwa kila jioni na kulazwa sebuleni, nyuma ya kochi, huku mlinzi akilala nje peke yake bila kitu cha kulinda. Mjumbe wetu aliwahi kuniambia kwa faragha kwamba nimefanya kosa la kiufundi: kwa kuutangazia mtaa utaratibu wote wa yule mbwa, watoto wakimkumbatia hadharani, nimeimaliza hofu ambayo ingenisaidia usiku. Ana haki. Mbwa hawezi kuwa jirani mwema mchana na jini usiku katika mtaa mmoja, na nililazimika kuchagua. Katika miezi tisa amebweka mara moja tu, tena kwa mfuko wa nailoni uliokwama kwenye mwembe na kujazwa upepo. Yule mama wa vitumbua bado anapita upande wa pili wa barabara. Siku hizi hasimami wala hakimbii. Huniamkia kutoka kule kule, humtazama Boga kidogo, na kuendelea na safari yake.

Mwezi wa Juni nilimwita fundi wa kuchomelea atengeneze kizimba cha nondo, chenye zege chini na kufuli mbili, ili pampu ilale kisimani kama pampu za watu wengine. Alifanya kazi siku nzima, Boga akiwa amemwegemea mgongoni kila alipochuchumaa, hadi nilipolazimika kumfunga kamba kwenye mwembe kwa hofu ya cheche. Mchana, wakati wa kula, fundi alivua miwani yake myeusi, akamtazama mbwa, akakitazama kizimba, akamuuliza mama aliyekuwa amekaa barazani, "Sasa bibi, shikamoo, huyu mbwa ni wa nini?"

Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuacha. "Marahaba mwanangu," akasema. "Chomelea vizuri, ukimaliza hapo uniangalizie na geti. Wasije wakamwiba."